Mapigo ya mtoto tumboni na kuzimia kwa baba yake

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Arua. Nina umri wa miaka 27 na ujauzito wangu una wiki 24. Huu ni ujauzito wangu wa pili. Wa kwanza ulifika mwezi wa nane, kisha mtoto akaacha kucheza tumboni na akazaliwa akiwa amekwisha kufariki. Nilipimwa malaria, shinikizo la damu, sukari na kaswende, majibu yote yakawa mazuri, na tukamzika mtoto wetu bila kuelezwa sababu yoyote.

Jambo linaloninyima usingizi sasa ni mume wangu. Tangu utotoni huwa anazimia, hasa anapokimbia au anapokasirika sana. Huanguka ghafla, mwili hukakamaa kidogo, na baada ya muda mfupi huamka akiwa anajua alipo na anayezungumza naye. Alipokuwa sekondari aliambiwa ana kifafa akapewa dawa, na anazimeza mpaka leo, lakini bado huanguka. Dada yake mdogo alifariki akiwa shule ya msingi, katikati ya mashindano ya mbio. Baba yao mdogo alizama mtoni, ilhali kila mtu kijijini alimjua kuwa mwogeleaji hodari. Mama mkwe anasema kuna deni la ukoo ambalo halijalipwa, na kwamba mtoto wetu wa kwanza alichukuliwa kwa sababu hiyo.

Kliniki ya mwisho, mkunga alihesabu mapigo ya moyo wa mtoto akapata 118 kwa dakika. Nilipomuuliza kama si machache, alinijibu kuwa kawaida ni kuanzia 110 hadi 160, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Lakini rafiki yetu mmoja ambaye ni mwuguzi Kampala, aliposikia habari zote hizi, alisema huenda kuna ugonjwa wa moyo wa kurithi katika familia ya mume wangu, na kwamba nchi za nje mtoto hupimwa akiwa bado tumboni kwa kuvuta maji ya uzazi. Tangu siku hiyo mume wangu anatafuta mtu wa kununua kiwanja chetu ili nisafiri.

Je, ugonjwa wa namna hii unaweza kujulikana kabla mtoto hajazaliwa? Je, tuuze kiwanja? Na nimjibu nini mama mkwe, ambaye ninamheshimu na ambaye ananipenda?

Mama Mtarajiwa, Arua

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole sana kwa mtoto wenu, na pole kwa kubeba ujauzito huu huku moyo wako ukiwa na hofu ambayo hukupata mtu wa kukufafanulia.

Kiwanja msikiuze, angalau si kwa ajili ya safari hiyo. Kipimo cha kwanza cha mtoto huyu kinafanywa kwenye kifua cha baba yake, kinapatikana nchini Uganda, na kinachukua dakika chache. Kabla wiki hii haijaisha, mume wako aende hospitali ya rufaa ya mkoa akapimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kama mashine haifanyi kazi siku hiyo aulize ni wapi mjini ipo inayofanya kazi. Mpaka atakapoonwa na daktari, asikimbie mbio, asicheze mpira na asiogelee, hata kama anajisikia mzima kabisa.

Siwezi kumtambua mgonjwa kwa barua, na hakuna mtu anayepaswa kufanya hivyo. Hata hivyo mambo matatu uliyoyaandika, yaani kijana anayezimia akikimbia na kuamka akiwa na akili zake, msichana aliyefariki akikimbia, na mwogeleaji hodari aliyezama, yakiwa katika damu moja, ni picha ambayo madaktari wa moyo wanaifahamu vizuri. Ugonjwa wa kwanza wanaoufikiria wanapoisikia huitwa QT ndefu. Ni kasoro ya umeme wa moyo ambayo mtu huzaliwa nayo, na hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 2,000 hivi. Moyo wenyewe huwa na umbo zuri, misuli yake ni imara na milango yake haivuji. Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme, na baada ya pigo chembe za misuli huhitaji kujichaji upya kwa kupitisha madini ya potasiamu na sodiamu katika vijitundu vidogo vilivyo kwenye kuta zake. Fikiria pampu ya kisima cha kijiji: mpini lazima urudi juu ndipo usukumwe tena, na akitokea mtu akausukuma ukiwa katikati, maji hayatoki. Kwa mwenye QT ndefu mpini huchelewa kurudi. Akikimbia, akishtuka au akikasirika, pigo jipya linaweza kumkuta moyo hauko tayari, na hapo moyo huanza kutetema kwa kasi bila kusukuma damu. Ukitulia wenyewe baada ya sekunde kadhaa, mtu huamka, na watu husema alizimia. Usipotulia, hufariki.

Jeni zinazohusika, yaani maagizo ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi, zilianza kutambuliwa mwaka 1995 na 1996, na tatu kati yake, KCNQ1, KCNH2 na SCN5A, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya wagonjwa. Wenye kasoro katika KCNQ1 ndio hasa huanguka wanapokimbia na wanapoogelea. Wenye KCNH2 huweza kuangushwa na mshtuko wa sauti ya ghafla, kwa mfano kengele ya alfajiri au simu inayolia usiku. Wenye SCN5A mara nyingi hupatwa wakiwa wamepumzika au wamelala. Mzazi mmoja tu mwenye kasoro anatosha kuirithisha, na kila mtoto wake, awe wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Ujauzito uliopita haupunguzi wala hauongezi uwezekano wa unaofuata.

Kuhusu ECG ya mume wako ninaomba mwende mkiwa mmejiandaa, kwa sababu kipimo hiki kinaweza kufanywa na bado jambo lenyewe likapita bila kuonekana. Karatasi inayotoka kwenye mashine ina visanduku vidogo, na kwa mwendo wa kawaida wa milimita 25 kwa sekunde, kila kisanduku kidogo ni milisekunde 40. QT ni umbali kuanzia pale kilima chembamba kirefu kinapoanza hadi pale kilima cha mviringo kinachokifuata kinaposhuka na kulala. Umbali huo hurekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, mara nyingi kwa kanuni ya Bazett ya mwaka 1920. Kwa mwanamume, zaidi ya milisekunde 450 huhesabiwa kuwa ndefu, na kwa mwanamke zaidi ya 460. Ikifika 480 katika vipimo vinavyorudiwa, bila dawa wala ugonjwa mwingine unaoirefusha, daktari anakuwa na sababu ya kutamka jina la ugonjwa, na ikifika 500 hatari ni kubwa. Mashine huandika namba yake yenyewe juu ya karatasi, lakini namba hiyo hukosea, kwa hiyo mwombeni daktari aipime kwa mkono wake na asitazame tu kama imeandikwa kuwa ni ya kawaida. Ombeni karatasi halisi muende nayo nyumbani, na mpige picha kwa simu, maana wino wa karatasi hizo hufifia.

Tena, karatasi moja nzuri haimwondolei mtu ugonjwa huu. Baadhi ya wenye jeni hii wana ECG ya kawaida wakiwa wametulia, na kasoro huonekana baada ya kusimama ghafla au wakati wa kipimo cha mazoezi kinachofanywa chini ya uangalizi. Kwa historia kama ya familia yenu, hata ECG ikitoka safi, mume wako anastahili barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Safari inayostahili fedha ya nauli ni hiyo, ya kwenda Kampala.

Jambo la kifafa linaniuma, kwa sababu limewagharimu watu wengi. Mtu ambaye ubongo wake umekosa damu kwa sekunde kadhaa anaweza kukakamaa na kurusha mikono, na aliyesimama kando ataapa kuwa ameona kifafa. Tofauti huwa kwenye mambo ambayo wewe umeyaeleza vizuri kuliko kadi yoyote ya hospitali: huanguka akiwa katika mwendo au hasira, na huamka upesi akiwa anajua alipo, wakati mwenye kifafa cha mwili mzima kwa kawaida huamka amechanganyikiwa kwa muda mrefu. Kila mtu anayezimia ghafla angepaswa kupimwa ECG hata mara moja kabla ya kuandikiwa dawa za kifafa za maisha. Hata hivyo mume wako asiziache dawa hizo kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege la kweli. Azipeleke zote kwa daktari, kila moja ikiwa kwenye pakiti yake.

Ikithibitishwa kuwa ana QT ndefu, matibabu yapo na si ya kifahari. Dawa inayotumika zaidi ni ya kundi la kupunguza msukumo wa moyo, propranolol au nadolol, na humezwa kila siku bila kuruka. Propranolol ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, lakini isinunuliwe dukani bila daktari, hasa kama mtu ana pumu. Wachache ambao dawa haiwatoshi huwekewa kifaa chini ya ngozi kinachourudisha moyo kwenye mwendo wake.

Sasa nije kwa mtoto wako na ile namba 118.

Mkunga wako hakusema uongo. Kipimo cha 110 hadi 160 ndicho anachofundishwa, nacho kinamsaidia kutambua mtoto anayekosa hewa wakati wa uchungu. Lakini mapigo ya mtoto hubadilika kadiri ujauzito unavyokua, na katika wiki ya 24 wastani wake huwa kati ya 140 na 150 hivi. Mtoto mwenye QT ndefu mara nyingi hana mapigo ya kutisha. Moyo wake huenda polepole kuliko wenzake wa umri uleule, wiki baada ya wiki, huku akicheza na kukua vizuri. Watafiti walioliangalia jambo hili kwa makini katika kazi iliyochapishwa mwaka 2012 walionyesha kuwa ukisubiri mapigo yashuke chini ya 110 utawakosa wengi wa watoto hawa, na kwamba inafaa kumlinganisha mtoto na umri wake wa ujauzito. Kwa hiyo 118 ya kweli na ya kudumu, katika familia yenye historia kama yenu, ni dokezo ambalo halipaswi kupita.

Nimesema ya kweli na ya kudumu kwa sababu mapigo ya mtoto wa umri huu huweza kushuka kwa muda mfupi kwa kubanwa tu na kifaa kinachomsikiliza, kisha yakarudi. Mwombe mkunga ahesabu kwa dakika nzima, apumzike, ahesabu tena, na aandike namba yenyewe kwenye kadi pamoja na wiki za ujauzito, badala ya kuandika neno kawaida. Ahakikishe pia kwa kushika mshipa wa mkono wako kwamba hahesabu mapigo yako wewe. Rudieni hivyo kila kliniki, na kama inawezekana usingoje mwezi mzima kati ya kliniki moja na nyingine. Mfululizo wa namba hizo kwenye kadi moja utamwambia daktari wa moyo mambo mengi.

Unauliza kama ugonjwa wenyewe unaweza kuonekana tumboni. Mtoto hawezi kupimwa ECG kama mtu mzima, kwa kuwa waya zikiwekwa juu ya tumbo lako umeme wa moyo wako huuzidi wa kwake, na kuanzia wiki ya 27 hivi ngozi yake hufunikwa na ule utando mweupe wa mafuta ambao wakunga huufuta akizaliwa, nao huzuia umeme usipite vizuri. Altrasaundi huona kuta za moyo zikicheza na damu ikipita, lakini haioni umeme. Ndiyo maana mama anaweza kuambiwa kwamba moyo wa mtoto hauna kasoro, na ni kweli hauna kasoro ya umbo, lakini swali la umeme likabaki palepale. Kipo kifaa kinachosoma nguvu ya sumaku itokayo kwenye moyo wa mtoto na kuipima QT moja kwa moja, ila huhitaji chumba maalumu kilichokingwa na kipo katika vituo vichache tu duniani, vikiwemo vya Marekani, Ujerumani na Japani. Siyo kitu cha kukukosesha usingizi.

Altrasaundi ya moyo wa mtoto, ikifanywa na mtu aliyezoea kuangalia mioyo ya watoto, bado ina kazi kubwa. Inaweza kuonyesha vyumba vya juu vya moyo vikipiga mara mbili huku vya chini vikipiga mara moja, au moyo uliokuwa polepole ukiruka kwenda kasi kubwa kisha ukarudi, au maji yakijikusanya kifuani na tumboni kwa mtoto. Dalili ya kwanza na ya pili, hasa zikionekana kwa mtoto mmoja, humfanya daktari aifikirie QT ndefu kwa uzito. Ombeni rufaa ya kipimo hiki sasa, na safari ya Kampala ya mume wako iwe pia safari yako.

Katika rufaa hiyo waombeni wakupime wewe pia damu, kutafuta kingamwili zinazoitwa anti-Ro. Mapigo ya polepole ya mtoto yana sababu nyingine isiyohusu jeni za baba: kingamwili za mama, hata mama asiyejisikia mgonjwa, hupita kwenye kondo la nyuma na kuharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto, mara nyingi kati ya wiki ya 18 na 24. Historia ya ukoo wa mume wako isitufanye tuliache swali hilo bila kuulizwa.

Kipimo cha maji ya uzazi kipo kweli, na hufanywa kuanzia wiki ya 15 hivi. Sindano hupitishwa tumboni, maji kidogo huvutwa, na jeni za mtoto husomwa humo. Lakini maabara lazima ijue inatafuta nini. Jeni ni andishi refu mno, na kosa la familia yenu linaweza kuwa mahali popote ndani yake. Mpaka damu ya mume wako isomwe na kosa lake lijulikane, kuvuta maji ya uzazi yako ni kumtafuta mtu mjini bila kuambiwa jina lake. Hata kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ni dhahiri, takriban mmoja kati ya watano kosa lake halipatikani kwenye jeni zinazofahamika. Sindano hiyo pia ina hatari, ndogo lakini ya kweli, ya kuharibu mimba. Na jibu likija, litabadilisha nini? Mtoto ataendelea kuangaliwa mapigo yake, atazaliwa hospitali, atapimwa ECG, na kama jeni ya baba itakuwa imejulikana, damu ya kitovu chake siku ya kuzaliwa itatoa jibu lilelile bila sindano tumboni. Kama mtapata nafasi ya kutumia fedha kwenye jeni, itumieni kwa damu ya baba, kwa sababu jibu lake litawasaidia ndugu zake wote na watoto wenu watakaofuata.

Kama mtoto akionekana na mwendo mbaya wa moyo akiwa bado tumboni, anaweza kutibiwa kupitia kwako. Na hapa ndipo historia ya familia inapookoa maisha. Watoto wengi ambao moyo wao unakimbia sana tumboni wana tatizo la kawaida zaidi, na mama zao hupewa dawa kama digoxin, flecainide au sotalol. Kwa mtoto mwenye QT ndefu, sotalol inaweza kuuzidisha ugonjwa, na daktari akijua atafikiria magnesium ya mshipani kwanza. Daktari wa zamu usiku wa manane hawezi kuyajua hayo kwa kukutazama tu. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi yako ya kliniki: familia ya baba ina historia ya kuzimia na vifo vya ghafla, QT ndefu inashukiwa.

Maandishi hayo yatamlinda mtoto na dawa nyingine pia, maana unazomeza wewe nyingi humfikia. Zipo dawa za kawaida zinazorefusha QT: azithromycin, erythromycin na ciprofloxacin kati ya antibiotiki, fluconazole ya fangasi, ondansetron ya kutapika, haloperidol, na kati ya dawa za malaria, kwinini, klorokwini na hasa halofantrine. Tafadhali nisikilize vizuri hapa. Sikuambii ukatae dawa ya malaria. Malaria kwa mjamzito inaua mama na mtoto, na huko kwenu ipo mwaka mzima, kwa hiyo lala ndani ya chandarua, meza dozi za kinga unazopewa kliniki, na ukiugua nenda siku hiyohiyo. Ninachokuomba ni kumwambia anayekuandikia dawa kuhusu historia hii kabla hajaandika, ili panapokuwa na dawa mbadala akuchagulie hiyo, na pasipokuwa nayo awaangalie kwa karibu. Kwa mume wako jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa watu wengi hununua antibiotiki dukani kama wanunuavyo chumvi. Akiharisha au akitapika sana asikae nyumbani, kwani potasiamu ikipungua mwilini QT hurefuka.

Na akianguka tena? Msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Mwiteni, mtazameni kifua. Kama haitiki na hapumui kama kawaida, mlazeni chali mahali pagumu, mmoja wenu aweke mikono miwili katikati ya kifua na kukikandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Mwombe mkunga awafundishe wewe na wanaokaa nanyi nyumbani, maana kuona mara moja kwa macho kunashinda kusoma. Ukichoka, mwingine apokee.

Umeniuliza utamjibu nini mama mkwe. Usibishane naye juu ya deni la ukoo. Yeye amezika binti na shemeji, kisha akamzika mjukuu, na hakuna hospitali iliyompa neno la kuweka mahali pa hilo la deni. Mwendee kama mtu mwenye kitu ambacho mashine zote za Mulago hazina, kwa sababu anacho. Anawajua waliozaliwa katika nyumba ile, walioanguka, waliofariki wadogo, nani alikuwa akifanya nini saa ile, nani alizaliwa kiziwi. Swali la uziwi lisisahaulike, kwa kuwa tangu mwaka 1957 madaktari wa Norwe Jervell na Lange-Nielsen walieleza aina ya ugonjwa huu inayokuja pamoja na uziwi wa kuzaliwa, pale mtoto anaporithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Kaa naye jioni moja ukiwa na daftari, mwandike majina kuanzia kwa babu, na mpeleke daftari hilo kwa daktari wa moyo. Ninaamini atafurahi kuulizwa. Baadaye, kama mume wako atathibitika, mama huyohuyo ndiye atakayewafanya wanawe wengine na wajukuu wakubali kupimwa, kazi ambayo wewe kama mke wa nyumba ile ungeiona ngumu.

Mume wako naye asibebeshwe lawama, wala asijibebeshe. Alirithi bila kuchagua, na kama mtoto atarithi itakuwa hivyohivyo.

Kuhusu mtoto wenu wa kwanza, nitakuambia kinachojulikana. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliochunguza jeni za QT ndefu katika vifo 91 vya watoto tumboni ambavyo sababu yake haikupatikana, na katika vitatu kulikuwa na kosa linalofanana na lile linaloleta ugonjwa huu. Kwa hiyo linawezekana, lakini wengi wa watoto hao walifariki kwa sababu nyingine. Sitaki uishi na hakika ambayo hakuna mtu anayeweza kukupa.

Utakapokaribia kujifungua, usijifungulie nyumbani wala katika kituo kidogo. Hospitali yenye wodi ya watoto wachanga ndiyo mahali pako, na kama daktari wa moyo atasema ujifungulie Kampala, Hospitali Maalumu ya Wanawake na Watoto Wachanga ya Mulago inapokea wajawazito wa rufaa. Mapigo ya polepole ya mtoto yanaweza kumfanya asiyejua historia aone mtoto anakosa hewa na kukukimbiza kwenye upasuaji usiohitajika, kwa hiyo mkunga atakayekupokea aonyeshwe ule mfululizo wa namba kwenye kadi. Mtoto apimwe ECG katika siku za kwanza, kisha irudiwe akiwa na wiki tatu au nne, kwa sababu QT ya siku za mwanzo hubadilikabadilika na inaweza kuwahofisha au kuwatuliza bure. Akithibitika kuwa na QT ndefu, ataanzishiwa propranolol ya kipimo cha uzito wake, na kwa kuwa dawa hiyo inaweza kushusha sukari ya mtoto mchanga, mnyonyeshe mara kwa mara, usiku na mchana, na siku akikataa kunyonya au akitapika mrudishe hospitali bila kungoja kesho yake.